Kikulacho ki nguoni mwako: Pale chombo cha kupima mfumo kinapouangusha mfumo wenyewe

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Desemba 12, 2024, huduma zote za kampuni ya OpenAI ya Marekani ziliyumba au kuzimika kabisa kwa zaidi ya saa nne. Kwa saa za Afrika Mashariki, tatizo lilianza saa nane na robo usiku, na mitambo yote ikarejea saa kumi na mbili na dakika 38 asubuhi. ChatGPT haikujibu. Sora, programu ya kutengeneza video iliyokuwa imefunguliwa kwa umma siku chache tu kabla, nayo ilikwama. Waliojenga huduma zao juu ya mitambo ya OpenAI walikwama pamoja nayo.

Mambo kama haya yanapotokea, wengi wetu huwaza wadukuzi kwanza. Safari hii hawakuwapo. Ripoti iliyotolewa na kampuni yenyewe ilisema wazi kwamba chanzo hakikuwa shambulio, wala hakikuwa bidhaa mpya iliyoelemewa na wateja. Kilichoiangusha mitambo ni huduma mpya ya ufuatiliaji, iliyowekwa ili wahandisi waweze kuona vizuri zaidi kama mitambo hiyo ina afya njema.

Katika makala haya tunaangalia namna chombo cha kupima kinavyoweza kugeuka kuwa ugonjwa, hasa pale watu wengi wanapotegemea kanzidata moja. Jambo hili haliwahusu matajiri wa California peke yao. Linaihusu hospitali yenye seva moja chini ya ngazi, chama cha akiba na mikopo, na mamlaka za serikali zinazozidi kuunganisha kumbukumbu zetu mahali pamoja.

Nini hasa kilitokea?

Kampuni kama OpenAI haina kompyuta moja kubwa. Ina maelfu ya kompyuta zilizopangwa katika makundi, na kila kundi lina sehemu inayoliongoza: inajua kompyuta ipi inafanya kazi gani, ipi imekufa, na huduma fulani inapatikana wapi. Katika mfumo wa Kubernetes, ambao ndio OpenAI inautumia, taarifa hizo hukaa katika kanzidata moja ya pamoja, na mbele yake hukaa seva chache zinazopokea maombi ya wote wanaotaka kusoma au kuandika.

Ifikirie kama masjala ya wilaya. Mafaili yote yako chumba kimoja, na dirishani wako makarani wachache. Siku za kawaida foleni ni fupi, kwa sababu watu huja na maswali madogo: faili la fulani liko wapi, nani amehama.

OpenAI ilitaka kuijua masjala hiyo kwa undani zaidi, ikaweka huduma mpya ya kukusanya vipimo. Kwa jinsi ilivyopangwa, na bila aliyeipanga kukusudia, huduma hiyo ilifanya kila kompyuta katika kundi iende dirishani kuuliza swali zito. Uzito wa swali lenyewe uliongezeka kadiri kundi lilivyokuwa kubwa.

Hapo ndipo penye hesabu inayohitaji kutazamwa polepole. Kundi likiwa na kompyuta 10, na kila moja ikauliza swali linalohitaji kupitia mafaili 10, kazi nzima ni mafaili 100. Makarani hawatoki jasho. Kundi likiwa na kompyuta 1,000, kila moja ikauliza swali la mafaili 1,000, kazi ni mafaili milioni moja. Kompyuta zimeongezeka mara 100, lakini kazi imeongezeka mara 10,000. Hizi ni namba zetu za kufafanua tu, ila zinaonyesha kwa nini jaribio lililofanywa siku moja kabla, kwenye kundi la majaribio, halikuonyesha tatizo lolote. Makundi makubwa ndiyo yaliyoumia zaidi.

Kuna jambo jingine katika ripoti hiyo ambalo kwetu ndilo kiini cha kisa chote. Kabla ya kuisambaza huduma, wahandisi walijiuliza swali la busara: je, itakula nguvu kiasi gani? Wakapima kiasi cha kichakataji na kumbukumbu ambacho huduma hiyo ingetumia katika kila kundi, wakaridhika. Ambacho hakikupimwa ni mzigo ambao maswali yake yangeutua kwenye zile seva za dirishani. Walimpima mgeni uzito wake mlangoni, hawakuuliza ataagiza chakula kiasi gani.

Dakika ishirini za uongo

Kwa saa za Afrika Mashariki, kazi ya kuisambaza huduma hiyo kwenye makundi yote ilianza kama saa nane kasoro dakika tisa usiku, ikamalizika saa nane na dakika 20. Kengele za tahadhari zililia saa nane na dakika 13. Kwa maneno mengine, tatizo lilijitokeza wakati usambazaji ukielekea mwisho.

Kwa nini halikuonekana mapema, kwenye makundi ya kwanza kabisa? Kwa sababu kulikuwa na kinga iliyoficha ugonjwa. Huduma za ndani hutafutana kwa kutumia daftari la majina, linalojulikana kwa kifupi kama DNS. Katika mitambo hii daftari hilo hutegemea ile masjala. Masjala ilipokufa, huduma ziliendelea kwa muda kutumia nakala za majibu ya zamani zilizokuwa nazo mkononi. Nakala hizo ziliisha muda wake katika dakika 20 zilizofuata. Zilipoisha, kila huduma ikataka kuuliza upya, wote kwa pamoja, dirisha likiwa limeshafungwa.

Kufikia saa nane na dakika 40 hali ilikuwa mbaya kabisa. Chanzo, lakini, kilikuwa kimejulikana mapema sana, dakika chache tu baada ya kengele. Hili linastahili kukaziwa, maana mara nyingi tunaposikia mtambo umezimika saa nne tunadhani watu walikuwa gizani saa zote nne wakitafuta kosa. Hapa walilijua. Hawakuweza kulifikia.

Ili kuiondoa huduma ile mbovu ilibidi kupitia dirisha lile lile ambalo huduma hiyo ilikuwa imelijaza. Ufunguo ulikuwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Wahandisi wakafanya mambo matatu kwa wakati mmoja: walipunguza ukubwa wa makundi ili maswali yapungue, walizuia maombi mapya yasifike kwenye seva za uongozi, na waliziongezea seva hizo nguvu ili ziweze kumaliza foleni iliyokuwapo. Kundi la kwanza lilirudi saa tisa na dakika 36 usiku.

Wengine waliopita njia hiyo

Jioni ya Jumatatu, Oktoba 4, 2021, wasomaji wetu wengi watakumbuka kwamba WhatsApp, Facebook na Instagram zilipotea duniani kote kwa takribani saa sita. Hapa kwetu ilikuwa inaelekea saa moja jioni, na waliozoea kupokea oda za biashara kwa WhatsApp walirudi kwenye kupiga simu. Facebook ilieleza baadaye kwamba katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri iliyokusudiwa kupima uwezo uliopo kwenye uti wa mgongo wa mtandao wake. Amri hiyo ya kupima ikaukata uti wa mgongo wote. Kulikuwa na chombo cha kukagua amri za hatari kabla hazijatekelezwa, nacho kilikuwa na kasoro, kikaiachia.

Kisa cha Google cha Desemba 14, 2020 kilikuwa cha dakika 47 tu, kati ya saa nane na dakika 46 na saa tisa na dakika 33 mchana kwa saa zetu, lakini ni cha ajabu zaidi. Kila mwenye Gmail hutambuliwa na kanzidata moja ya akaunti. Google ilikuwa inahamia mfumo mpya wa kugawa nafasi za kuhifadhi data, na sehemu ya mfumo wa zamani ikabaki ikitoa taarifa isiyo kweli: kwamba kanzidata hiyo inatumia sifuri. Mgao hufuata matumizi, kwa hiyo mtambo wa kujiendesha wenyewe ukaona hakuna haja, ukapunguza nafasi. Kanzidata ikashindwa kuandika taarifa mpya, na Google ikashindwa kuwatambua wateja wake. YouTube iliendelea kuwafungukia wale tu ambao hawakuwa wameingia kwa akaunti zao. Hapa kipimo hakikulemea kitu chochote. Kilisema uongo tu, na kulikuwa na mashine iliyokiamini bila kuuliza mtu.

Halafu kuna Roblox, jukwaa la michezo ya kompyuta linalopendwa na watoto, lililozimika kwa saa 73 kuanzia Oktoba 28, 2021. Mfumo wake wa pamoja wa kuratibu huduma, unaoitwa Consul, ulikuwa umewashiwa njia mpya ya kusambaza taarifa, iliyobuniwa kupunguza mzigo. Chini ya kazi nzito sana, njia hiyo ikafanya kinyume. Wahandisi walibadilisha seva wakaweka zenye nguvu maradufu, hali ikawa mbaya zaidi. Na mifumo ya ufuatiliaji ambayo ingewaonyesha kasoro iko wapi ilikuwa inategemea Consul hiyo hiyo. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na kwa Roblox ilikuwa hivyo kabisa: aliyepaswa kusema mgonjwa anaumwa nini alikuwa amelala kitanda kimoja naye. Hata hivyo ni vipimo, safari hii vya kuchungulia ndani ya programu yenyewe kuona muda unapotelea wapi, vilivyosaidia hatimaye kumkamata mhalifu.

Kwenye seva ya kawaida

Tuyaache majina makubwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha akiba na mikopo chenye matawi machache, kinachotumia seva moja. Kanzidata ni moja: akaunti za wanachama, mikopo, mishahara ya wafanyakazi, yote humo. Asubuhi mfumo ni mzito. Mwanachama amesimama kaunta akisubiri mkopo wa ada ya shule, karani anatazama duara linazunguka kwenye kioo. Meneja anaagiza programu ya kufuatilia utendaji. Baada ya wiki mfumo ni mzito zaidi. Anaagiza vipimo viongezwe ili tatizo lionekane.

Utajuaje kwamba kinachokula ki nguoni?

Dalili ya kwanza ni mdundo. Mzigo wa binadamu hauna nidhamu: hupanda saa tatu asubuhi, hulegea wakati wa chakula, hufumka tarehe za mishahara. Mzigo wa mashine huja kama saa ya ukutani. Mchoro wa matumizi ukiwa na meno kama ya kitana, yenye nafasi sawa kila dakika moja au kila dakika tano, hiyo si foleni ya wanachama. Inafaa pia kutazama saa kamili, maana watu wanaopanga kazi za kujiendesha hupenda sana namba nzima. Nakala za akiba, ripoti na vipimo vyote hupangwa saa sita kamili usiku, kisha watu hushangaa kwa nini saa sita usiku pana vita.

Dalili ya pili iko kwenye orodha ya waliounganishwa. Kanzidata haipokei watu bila kikomo. MySQL, isipobadilishwa, huruhusu miunganisho 151 kwa wakati mmoja, na PostgreSQL 100. Ukifungua orodha ukakuta sehemu kubwa ni ya chombo cha kupima, umepata jibu. Lakini utalipata tu kama chombo hicho kilipewa akaunti yake chenyewe. Tunavyojua, katika ofisi nyingi hakipewi. Huazimwa akaunti ya programu kuu, na kuanzia hapo mpimaji na mpimwa hawatofautishwi tena.

Kuna hatari iliyojificha zaidi ya hiyo. MySQL huweka nafasi moja ya ziada juu ya kikomo, na PostgreSQL hutenga tatu, kwa ajili ya msimamizi kuingia mambo yakiharibika. Huo ndio mlango wa dharura. Fundi mwenye haraka akikipa chombo cha kupima madaraka yote ya msimamizi, ili kisilalamike, basi siku kanzidata itakapojaa, chombo hicho ndicho kitakachokalia nafasi hiyo ya mwisho. Msimamizi mwenyewe atabaki nje akigonga, sawa na wale wa OpenAI.

Kisha angalia maswali yenyewe. Swali linaloonekana dogo linaweza kuwa na gharama kubwa. Hadi kilipotoka kizazi cha 5.6 cha MySQL mwaka 2013, kuuliza tu taarifa kuhusu majedwali kuliweza kuifanya kanzidata ianze kukokotoa upya takwimu za majedwali hayo, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa imepangwa kiwandani. Mwenye majedwali 50 hakuhisi kitu. Mwenye majedwali 6,000, na vipimo vinavyouliza kila sekunde 10, alijiumiza mara sita kila dakika. Seva za zamani kama hizo bado zipo zinafanya kazi, nasi hatungeshangaa kuzikuta katika ofisi za umma.

Linaloua haraka kuliko yote, hata hivyo, ni maswali kupandana. Chombo kinauliza kila sekunde 10, na siku njema jibu huja ndani ya sekunde moja. Siku mfumo ni mzito jibu linachukua sekunde 30. Chombo hakisubiri: kinatuma swali la pili, la tatu. Sasa kila chombo kina maswali matatu hewani badala ya moja, na kila swali jipya linayachelewesha yaliyotangulia. Kadiri mgonjwa anavyozidiwa ndivyo anavyoulizwa zaidi anajisikiaje. Dawa yake ni nyepesi na mara nyingi husahaulika: swali lisitumwe kabla lililotangulia halijajibiwa, na liwe na kikomo cha muda, baada ya hapo lijifute lenyewe.

Jaribio la mwisho ni kukizima. Kizime, andika saa, ngoja, tazama. Ni jaribio rahisi kuliko yote na ndilo gumu kuliko yote kulifanya ofisini, kwa sababu hakuna anayetaka jina lake liandikwe kuwa ndiye aliyezima ufuatiliaji siku ambayo mambo yaliharibika. Uoga huo si wa kipuuzi. Ndiyo maana ni vizuri ruhusa ya kuzima, na jina la anayeruhusiwa, viandikwe siku ya amani.

Kama kipimo ni cha lazima, zipo njia za kukipunguzia ukali. Maswali mazito yanaweza kuelekezwa kwenye nakala ya kanzidata badala ya kanzidata mama. Badala ya kurekodi kila tendo, kazi inayoijaza diski hadi kanzidata inasimama, inatosha kurekodi yale yanayozidi muda fulani. Kitakachopotea ni picha iliyo wazi kabisa. Kwa chama chenye seva moja, hiyo si hasara kubwa.

Nani anapima, nani anasubiri?

Swali hili linatoka nje ya chumba cha seva. Mamlaka za mapato za ukanda wetu zimejenga mifumo ya kufuatilia mauzo kwa njia ya kielektroniki: EBM nchini Rwanda, EFRIS Uganda, eTIMS Kenya, mashine za EFD Tanzania. Hiyo nayo ni mifumo ya upimaji iliyobandikwa juu ya kazi za watu. Swali la mhandisi ni lile lile: je, kipimo kiko kando ya njia au katikati ya njia? Kama risiti lazima ithibitishwe na seva ya mbali kabla mteja hajaondoka, basi siku seva hiyo ikiyumba duka zima linasimama. Kama duka linaweza kuhifadhi na kutuma baadaye, mteja haoni kitu. Kenya, ilipoleta eTIMS, ilitoa zaidi ya njia moja ya kuunganisha, ikiwamo ya biashara zisizokuwa mtandaoni muda wote. Uamuzi wa namna hiyo huonekana wa kiufundi tu, na mara nyingi hufanywa na watu wachache ndani ya mikataba ambayo mwenye duka haioni.

OpenAI kwa upande wake iliorodhesha itakayoyabadilisha: mabadiliko kusambazwa kwa awamu, huduma za ndani kutoitegemea mno sehemu ya uongozi, majaribio ya kuharibu vitu kwa makusudi ili kuona vinavyoanguka, na njia ya dharura ya kuzifikia seva za uongozi hata dirisha likiwa limejaa. Ahadi ya kwanza ina nyongeza yake: kila awamu itaambatana na ufuatiliaji ulioboreshwa.